Upande wa Kushoto wa Ubao

Kazini walimwita Redio kwa sababu hakuwa mwanamke msemaji. Asubuhi akishavaa aproni, Mama Pacha, mwenzake wa mashine moja, humuuliza, "Redio, leo betri zipo?" Yeye hutabasamu tu, kisha huenda kusimama mahali pake.

Mahali pake palikuwa mbele ya mashine ya kunyooshea mashuka. Kiwanda kilikuwa cha kufulia, na vitu vyake vilitoka hotelini na hospitalini, magunia kwa magunia. Shuka likitoka kukamuliwa, Redio alishika ncha ya kushoto, Mama Pacha ncha ya kulia, wakalivuta likakaza, wakalilisha kwenye rola za moto. Upande wa pili lilitokea limenyooka kama karatasi. Rola hazikuwa na huruma. Ukichelewa zinakungoja sekunde moja, ya pili hazikungoji, shuka linaingia limepinda na msimamizi anatoka ofisini kwake na uso wake.

Simu zilikatazwa. Lakini wiki hiyo Redio alikuwa na simu mfukoni mwa aproni, imewekwa mtetemo, na kila ilipotetemeka aliibana kwa kiganja isisikike.

Nyumbani, nchi nyingine kabisa, mama yake alikuwa fundi wa kushona sare za shule. Kwa miaka kumi na tisa alishonea katika chumba kimoja cha kukodi kando ya barabara, chenye dirisha moja na kibaraza mbele. Sasa mwenye nyumba alikuwa anakiuza. Kwa kuwa mama ni mpangaji wa siku nyingi, alimpa nafasi ya kwanza: milioni mbili na laki nne, na elfu ishirini na nne za karani wa kuandikisha. Mwisho Ijumaa, saa kumi jioni. Ikipita hapo, chumba kinakwenda kwa kijana mmoja muuza vocha na simu, ambaye alishatoa neno kwamba atalipa siku hiyo hiyo.

"Mimi sina ugomvi na mtu," mwenye nyumba alisema. "Saa kumi ni saa kumi."

Redio alikuwa na elfu tatu taslimu, pesa ya huku ugenini. Aliziweka miaka miwili na nusu, huku kila mwezi akiendelea kumtumia mama kidogo cha kula. Alizipata kwa kutembea kwa miguu, kwa kula mara mbili kwa siku, na kwa kuvaa koti moja mpaka Mama Pacha akasema koti hilo linastahili pensheni.

Elfu tatu hizo zilikuwa zinatosha au hazitoshi, kutegemea siku. Hapo ndipo palipomnyima usingizi. Pesa ikitumwa ilisafiri vile vile ilivyo, ikabadilishwa kule kule nyumbani, kwenye duka la kubadilishia pesa lililo njiani mwa mama, kwa bei ya ubao wa siku iliyotumwa. Redio alipiga hesabu nyuma ya boksi la sabuni, akaipiga tena, akampa Mama Pacha naye aipige. Jibu lilikuwa lile lile. Moja ya huku ikifika mia nane na nane ya nyumbani, chumba ni chao. Ikipungua hapo, si chao.

Na bei ilikuwa inapanda. Pesa ya nyumbani ilikuwa inaugua, kila siku inakonda kidogo. Jumatatu saa nne asubuhi simu ilitetemeka. Mapumziko ya chai yalipofika Redio alijifungia chooni, akasikiliza ujumbe wa sauti. Mama alikuwa anahema, barabara ikipiga kelele nyuma yake.

"Mwanangu, nimepita ubaoni. Leo mia saba tisini na mbili."

Alirudi kwenye benchi la chai, akaiambia meza, kwa sauti ya mtu anayemwambia kikombe chake, "Tisini na mbili."

"Usitume!" alisema Profesa.

Profesa alikuwa mpiga pasi wa mashati. Walimwita Profesa kwa sababu alijua kila kitu, isipokuwa saa ya kuingia kazini. Simu yake ilijaa michoro ya bei za pesa, mistari inayopanda na kushuka, naye aliisoma kama daktari anavyosoma picha ya kifua.

"Anayetuma leo ni mtu asiyejipenda," aliendelea. "Hii inakwenda mia tisa. Andika mahali."

"Na wewe una miezi minane hujatuma hata sumni," Mama Pacha alimwambia. "Kwenu wanakula michoro?"

"Wanavuta subira."

"Watavuta mpaka ikatike. Mimi wanangu matumbo yao hayasomi ubao. Mshahara ukitoka mchana, mchana huo huo nimetuma. Bei nzuri, bei mbaya, ugali ni ugali."

"Ndiyo maana wewe huna kitu."

"Na wewe una nini, Profesa? Soli ya kiatu chako inacheka."

Benchi zima liliangua kicheko. Redio alicheka pia, kwa mabega tu, bila sauti. Lakini akili yake ilikuwa kwenye namba. Kumi na sita zaidi. Siku nne.

Jumanne mama alisema mia saba tisini na nane. Redio akakunja ngumi kwa furaha, peke yake chooni. Kisha ujumbe ukaendelea.

"Ila uzi umepanda tena, mwanangu. Na yule muuza vitambaa ameficha kitambaa cha bluu, anasema anangoja bei mpya. Wazazi wa watoto nao wanataka bei ya mwaka jana. Jana nimemshonea mmoja kwa hasara, ningefanyaje? Mtoto yule shule inafungua. Basi, uwe na siku njema."

Redio alikaa na simu mkononi. Kila asubuhi alikuwa anaamka anaomba pesa ya kwao iugue zaidi, siku nne tu, na mama yake ndiye aliyekuwa anakohoa. Ilikuwa kama kumwombea mgonjwa wa nyumbani kwenu asipone kabla hujalipwa. Hakumwambia mtu wazo hilo. Alinawa mikono, ingawa haikuwa michafu, akarudi kwenye rola.

Jumatano mia nane na tatu.

"Sasa tuma," alisema Mama Pacha. Walikuwa wanalisha mashuka ya hospitali, yale magumu yenye mhuri wa bluu pembeni. "Vuta. Kaza. Leo hii, ukitoka hapa, tuma. Umepungukiwa ngapi?"

"Elfu kumi na tano."

"Elfu kumi na tano ya kule si mlima. Mama yako atapata kwa jirani."

Profesa, aliyekuwa anapita na toroli la mashati, alisimama. "Bei imekuwa inapanda sita, inapanda tano. Kesho ni ngapi? Mia nane na nane! Kamili kama imepimwa kwa rula. Halafu unataka mzee wa watu akaombe kwa majirani?"

"Profesa, sukuma toroli lako."

"Nasema tu."

Jioni Redio alisimama kwenye foleni ya duka la kutumia pesa, bahasha imo ndani ya nguo, mkono juu ya bahasha. Ukutani palikuwa na orodha ndefu ya nchi na pesa zake. Ya kwao haikuwamo. Ilikuwa pesa ndogo ya nchi ndogo, wenye duka hawakuona haja ya kuipa mstari. Kwa hiyo macho yake kuhusu bei yalikuwa macho ya mama, na ubao wake ulikuwa ule wa kule.

Foleni ilisogea. Alifikiria elfu kumi na tano. Alimwona mama amesimama mlangoni kwa jirani, ameshika kanga kifuani, anaanza kwa kuuliza habari za watoto, habari za mguu, habari za mvua, kabla hajafika kwenye shida yenyewe. Miaka miwili na nusu ya kunyoosha mashuka, halafu mama akaombe? Na pesa ikitumwa kabla ya saa kumi na mbili jioni ilifika asubuhi yake. Kesho Alhamisi bado ilikuwa ndani ya muda.

"Unatuma?" msichana wa dirishani aliuliza.

Redio alitoa mkono kwenye bahasha. "Naulizia ada tu."

"Ada ni ile ile ya siku zote."

"Asante."

Akatoka nje na bahasha yake.

Alhamisi saa nne simu haikutetemeka. Saa nne na nusu, kimya. Redio alilisha shuka la kumi, la hamsini, hakuhesabu tena. Mama Pacha alimtazama na hakutania. Saa tano kasoro ndipo mfuko wa aproni ulipotetemeka. Redio hakungoja mapumziko. Alikwenda chooni mbio, akimwachia Mama Pacha ncha zote mbili.

Safari hii mama alikuwa anacheka. Nyuma yake watu walikuwa wanaongea kwa sauti za juu, kama mtaani kumeoa mtu.

"Mwanangu, leo huku ni furaha! Pesa yetu imepona. Wanasema serikali imemwaga pesa za kigeni sokoni tangu alfajiri. Muuza vitambaa amefungua duka, ile bluu imetoka, na bei ameshusha mwenyewe. Ubao leo umeandika mia saba themanini na moja." Hapo kicheko kikaisha, sauti ikarudi chini. "Sasa sijui, mwanangu. Kwako wewe hiyo ni nzuri au ni mbaya?"

Redio aliporudi kwenye mashine alishika ncha akiwa bado anapiga hesabu. Shuka la kwanza aliliachia mapema, likaingia limepinda, likajiviringisha kwenye rola kama bandeji. Harufu ya pamba inayoungua ikapanda. Mama Pacha akapiga kitufe chekundu, na kiwanda kizima kikanyamaza.

Msimamizi alitoka. Alitazama rola, akatazama shuka, akamtazama Redio. "Wewe?" alisema, kwa mshangao kuliko hasira. "Wewe ambaye miaka mitatu sijajua hata sauti yako? Shuka hilo linakatwa kwenye mshahara."

"Ndiyo," alisema Redio.

Saa ya chakula Profesa alikuja na simu yake, uso umemshuka. Alianza kueleza kwamba huo ni upepo wa muda, kwamba wiki ijayo mstari utageuka, kwamba mtu akiwa na moyo...

"Chumba kinauzwa kesho," Redio alisema.

Profesa aliweka simu mfukoni.

Jioni hiyo Redio alituma. Hakuwa na lingine la kufanya. Ada aliilipa kwa pesa yake ya chakula ili elfu tatu zifike zikiwa elfu tatu. Kwa mia saba themanini na moja, zingekuwa milioni mbili, laki tatu na elfu arobaini na tatu. Zingepungua elfu themanini na moja. Alimwandikia mama hivyo, na kila neno lilimuuma kidole.

Mama alijibu upesi. Jirani angempa hamsini. Mwenyewe alikuwa na thelathini na moja, malipo ya sare. "Inatimia kabisa, mwanangu. Usikose usingizi."

Alikosa.

Ijumaa, saa sita kasoro za huku, simu ilitetemeka na haikuacha. Haukuwa ujumbe. Mama alikuwa anapiga, na mama hakuwahi kupiga saa za kazi. Nyumbani walikuwa mbele kwa saa mbili, kwa hiyo kule ilikuwa inakaribia saa nane mchana.

Redio alitazama shuka, akatazama mlango wa ofisi.

"Nenda," alisema Mama Pacha. "Profesa! Njoo ushike ncha hapa, siku moja ushike kitu cha maana."

Redio alijifungia stoo ya sabuni, katikati ya magunia.

"Mama? Imefika?"

"Imefika, ubarikiwe." Hayo ndiyo maneno yao ya siku zote. Yeye huuliza imefika, mama hujibu imefika, ubarikiwe, na mambo huishia hapo. Safari hii mama hakukata. "Ila... nilikuwa nauliza tu. Wamenipa milioni mbili, laki mbili na elfu tisini na mbili."

Redio alipiga hesabu kwenye simu. "Hapana. Zinatakiwa ziwe laki tatu na arobaini na tatu. Mama, rudi dirishani. Wamekupunja elfu hamsini na moja."

"Aah, hawa ndivyo walivyo. Kila mara inapungua kidogo."

"Kila mara?"

"Kila mwezi unapotuma. Nilijua ni ada yao."

"Mama, ada nalipa mimi huku! Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Mtu anakutumia jasho lake, halafu uanze kumwambia limepungua?"

Redio aliegemea gunia. Hata yeye hakuwahi kuuliza zimefika ngapi. Aliona ni kama kumdai mama risiti. Miaka miwili na nusu walikuwa wanaoneana haya, mmoja kila upande, na pesa ikipita katikati yao.

"Mama, muulize aliyekuhudumia. Sasa hivi. Weka simu nisikie."

Zikasikika hatua, kisha sauti ya mwanamke aliyezoea kueleza jambo hilo hilo mara ishirini kwa siku. "Mama yangu, hiyo mia saba themanini na moja ni bei yetu ya kuuza. Yaani wewe ukija kununua pesa ya kigeni kwetu. Lakini wewe umeleta ya kigeni, sisi ndio tunanunua. Kununua ni mia saba sitini na nne. Ziko mbili ubaoni nje, kushoto tunanunua, kulia tunauza."

"Nje mimi naona moja tu."

"Ziko mbili, mama."

Mama alitoka nje na simu ikiwa hewani. Honi, pikipiki, mtu anaita bei ya viazi. Kisha mama, kwa ile sauti yake ya kuomba radhi hata kwa mlango, "Kijana wangu, hebu sogeza mwavuli wako kidogo. Kidogo tu. Hapo."

Kitambaa kikavutwa.

"Eeh," mama alisema. "Kumbe kuna nyingine huku nyuma. Mia saba, sita, nne. Mwanangu, iko. Mwavuli ulikuwa umeiziba."

Redio alifumba macho. Kila asubuhi mama alipita hapo akasoma kilichoonekana. Hata Jumatano, hata mia nane na tatu, haikuwa yao. Namba aliyoingoja, aliyoikosea usingizi, ilikuwa ya watu wanaonunua, na wao walikuwa wanauza. Hata Profesa angeomba mpaka magoti yatoboke, isingefika.

"Basi, mwanangu," mama alisema. "Umefanya mpaka ukomo wako. Nitakwenda kumwomba mwenye nyumba mpaka Jumatatu."

"Si alisema haongezi hata dakika?"

"Alisema." Mama alipumua. "Cherehani zitakaa chumbani kwangu. Kitanda nitakisimamisha ukutani mchana. Watu wanaishi."

"Jirani je?"

"Ameshanipa zote alizonazo. Nikimrudia nitamvunja."

Redio alitazama saa ya ukutani juu ya madumu. Akope huku? Hata akipata, pesa ya kutumwa sasa ingefika kesho. Saa mbili zilibaki. Kisha akasikia sauti ya kijana, karibu na simu.

"Mama, kuna nini? Ni huu mwavuli umekukosesha?"

"Hapana, mwanangu, wala usijali."

"Mama," Redio alisema, "huyo ni nani?"

Mama akashusha sauti. "Ndiye mwenyewe. Wa vocha. Anayekitaka chumba."

Mtu aliyemchukia wiki nzima bila kumjua alikuwa hatua moja kutoka kwenye simu. Redio alisikia masikio yake yanapata moto. Hakuwahi kumpigia simu mtu asiyemfahamu. Dukani hununua kwa kuonyesha kidole.

"Mpe simu," alisema.

"Nani?"

"Yeye. Mpe simu, mama."

Kulikuwa na kukwaruzana, kisha, "Haloo, dada. Shikamoo. Aa, samahani, sijui kama wewe ni mkubwa."

"Wewe ndiye unayetaka chumba cha mama?"

"Dada, mimi sikumfanyia ubaya mtu. Niliambiwa kinauzwa, nikasema..."

"Pesa yote unayo?"

Kijana aliacha pikipiki ipite.

"Nina laki nne," alisema polepole. "Nyingine kuna mtu atanikopesha. Kwa riba."

"Riba gani?"

"Hiyo riba, dada, nikiitaja hapa huu mwavuli utaanguka wenyewe."

Redio alishika gunia la sabuni kwa mkono wa pili. "Nikuulize kitu. Wewe unataka chumba, au unataka kivuli?"

"Vipi?"

"Chumba cha nini? Wewe huuzi ndani. Wateja wako wanapita barabarani."

"Ni jua, dada," kijana alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Mwezi uliopita simu mbili zimenifia kwa joto. Mvua ikija nafunga kazi. Na hawa wa duka la pesa kila siku wananifukuza."

"Kile chumba kina kibaraza. Kina paa, kina ukuta wa kuegemeza kabati lako, na kiko barabarani. Mama anaanikia viraka tu. Mpe mama elfu hamsini na moja sasa hivi, ukae kibarazani mwaka mzima bila kudaiwa."

"Elfu arobaini."

"Si mnada. Hamsini na moja ndiyo iliyopungua. Hamsini haisaidii kitu."

"Basi miaka miwili."

"Mwaka na nusu. Na utafagia."

"Na umeme wa kuchajia simu?"

"Umeme unalipa wako."

Kijana akacheka kidogo. "Dada, huko ugenini unafanya kazi gani? Uwakili?"

"Nanyoosha mashuka," alisema Redio. "Mwandikiane mbele ya karani, na majina yenu wote. Lakini muondoke sasa hivi. Saa kumi ni saa kumi."

Redio alihesabu madumu ya sabuni. Yalikuwa kumi na moja. Alifika kwenye la tisa mara ya pili.

"Mama," kijana alisema, si kwake, "nishikie huu mwavuli nifunge kabati."

Simu ikakatika.

Alipotoka stoo, Mama Pacha na Profesa walikuwa wanamtazama, na shuka lilikuwa linaning'inia katikati yao. "Redio," alisema Mama Pacha, "tumekusikia mpaka kwenye mashine za kukaushia."

"Nilipiga kelele?"

"Msimamizi alitoka kutazama ni nani. Nimemwambia ni redio."

Redio alicheka, kisha alishangaa kuona anataka kulia. Alichukua ncha yake ya kushoto. Profesa hakuondoka mara moja. Aliuliza, akitazama viatu vyake, "Hiyo bei ya ubaoni, kumbe ni mbili?"

"Mbili."

"Mimi nilikuwa nafuata ipi?"

Alikwenda kwenye pasi zake polepole, simu mkononi, kioo kimezimwa.

Saa ya ukutani ilikuwa inatembea kama mtu mwenye kidonda mguuni. Saa saba. Saa saba na nusu. Redio aliona njia nzima kichwani mwake: mama anatembea kwa goti lake bovu, kijana anasukuma kabati lenye magurudumu, karani labda amekwenda kula. Kijana labda amebadili nia, amempigia yule mtu wa riba. Simu ya mama labda imeisha chaji. Saa nane kamili ya huku, saa kumi ya kule, mfuko wa aproni ulikuwa umetulia kama jiwe.

"Vuta," Mama Pacha alimwambia taratibu. "Kaza. Vuta."

Saa nane na dakika kumi. Na ishirini. Shuka la hospitali, shuka la hoteli, foronya. Mama Pacha aliacha kumwambia vuta.

Dakika ishirini na sita simu ilitetemeka mara mbili. Redio hakukimbilia chooni. Aliitoa pale pale mbele ya rola, msimamizi aone akitaka.

Ya kwanza ilikuwa picha. Karatasi, mhuri wa karani, majina matatu kwa mwandiko wa aina tatu, na kidole cha mama kimeingia pembeni. Ya pili ilikuwa sauti. Redio aliiweka sikioni, na Mama Pacha akasogeza kichwa chake karibu bila kuomba ruhusa.

"Mwanangu, sikiliza vizuri. Nimepokea kwako milioni mbili, laki mbili na elfu tisini na mbili. Kwa jirani hamsini. Zangu thelathini na moja. Kwa kijana hamsini na moja. Mwenye nyumba nimempa milioni mbili na laki nne, amehesabu mara tatu, ndiyo maana nimechelewa kukuambia. Karani elfu ishirini na nne. Zimebaki sifuri. Nimerudi kwa miguu, na kijana ananisaidia kubeba mwavuli." Mama alivuta pumzi. Kisha, kama mtu aliyejifunza neno jipya na anaogopa kulikosea, "Na nimepita ubaoni. Kushoto, mia saba hamsini na tisa. Inazidi kushuka, mwanangu. Nimeona bora nikuambie."

Mshahara ulikuwa Jumanne, utatoka umekatwa shuka moja. Jirani alikuwa anadai hamsini. Redio alirudisha simu mfukoni, akapiga hesabu haraka kichwani kwa mia saba hamsini na tisa, kisha kwa mia saba na hamsini, ikiwa itashuka mpaka hapo.

"Redio," alisema Mama Pacha, "shuka."

Alishika ncha ya kushoto, akavuta.